Ukoko wa Wali Mezani pa Waajemi

Wahenga walinena: "Udugu ni kufaana, si kufanana." Neno hilo tulilijua tangu utoto, lakini maana yake tuliionja jioni moja tulipokuwa safarini Marekani, katika mji wa Los Angeles.

Barabara ya Westwood katika mji huo ina maduka mengi na nyumba za chakula za Waajemi, yaani watu wa Irani. Wengi walihamia huko baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 katika nchi yao. Tulikuwa watu sita, walimu na wanafunzi wa mataifa mbalimbali, na aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja Mwajemi. Kabla ya kuingia tulipatana kwamba kila mtu aagize chakula chake na kulipa chake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kijana mmoja kati yetu, mwanafunzi asiye na fedha nyingi, alisoma bei kwanza, ndipo akatazama majina ya vyakula. Akaagiza supu tu, akasema, "Mimi sina njaa." Sisi wengine tukaagiza nyama, wala hatukumwangalia. Lakini mzee alimwona. Akamwita mtumishi, akaongeza vyakula, akaamuru vyote viwekwe katikati ya meza. Tukiri kweli: baadhi yetu tulikunja uso. Je, patano letu limekwenda wapi?

Basi vyakula vikaja. Kwanza mkate mwembamba, jibini, jozi, na majani mabichi ya nanaa na mrehani. Kila mtu humega mkate akafungia vitu hivyo ndani yake. Kisha ukaja mchuzi uitwao fesenjan, wa kuku aliyepikwa kwa jozi zilizosagwa na maji ya komamanga, nao una utamu na uchachu pamoja. Baadaye mishikaki, na wali mweupe uliopambwa kwa zafarani.

Wali huo hupikwa kwa subira. Mchele hulowekwa, huchemshwa kidogo, humwagwa maji, kisha hurudishwa chunguni penye mafuta ili uive polepole kwa mvuke. Chini hufanyika ukoko wa rangi ya dhahabu, nao huitwa tahdig, maana yake chini ya chungu. Kwetu ukoko ni wa watoto wanaokwangua sufuria. Kumbe kwa Waajemi ni tunu, nao hupenda kumpa mgeni!

Vipande vilikuwa vichache. Mzee akampa kijana cha kwanza. Kijana akakataa. Mzee akampa tena, naye akakataa tena. Waajemi wana desturi iitwayo taarof: mtu hukaribisha kwa unyenyekevu, na mwenzake hukataa kwanza kwa adabu, hata mara mbili au tatu. Ni desturi nzuri, lakini ina hatari yake: mwenye njaa aweza kuondoka na njaa yake, amefunikwa na adabu. Kwa hiyo mzee akasema, "Taarof nakon, mwanangu," yaani usifanye taarof. "Kula." Kijana akala, na tangu hapo hakusema tena kwamba hana njaa.

Tulipotaka kulipa, mwenye nyumba alitujibu, "Ghabel nadare," yaani si kitu. Mgeni asiyejua angeshukuru akaenda zake! Hayo nayo ni maneno ya heshima tu. Fedha ni lazima zilipwe. Mzee akatandaza kitambaa, akatuomba kila mmoja aweke chini yake kadiri awezavyo, pasipo mwenzake kuona. Fedha zilitosha, na ziada ikabaki kwa mtumishi. Nani aliweka nyingi na nani chache, hatukujua, wala hatukuuliza. Sisi tuliokunja uso tulitoka tumeinamisha vichwa.

Ndugu wasomaji, patano letu la kwanza lilikuwa la haki, lakini lingemwacha mwenzetu na bakuli la supu mbele ya watu wanaokula nyama. Basi, tukiketi mezani na wenzetu, tumtazame yule asemaye upesi kwamba ameshiba. Tena tumpe kwa namna ambayo haitamwaibisha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.