Kabla ya Kutoka Wodini

Wanawake wa pwani waliolelewa na bibi zao wanaijua vyema hesabu ya arubaini: aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini, akakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, wala mume asimkaribie mpaka muda huo utimie, na kwa kuwa mimba iliyoharibika nayo huhesabiwa kuwa ni uzazi wa namna yake, wengi hudhani ya kuwa ile amani ya arubaini inawafikia hata wao ambao hawakurudi nyumbani na mtoto. Dhana hiyo ina rehema ndani yake, lakini katika jambo moja haisadifu. Aliyejifungua mtoto aliyetimia na kumnyonyesha, mwili wake huchelewa kurudia hali ya kushika mimba kwa majuma, na pengine kwa miezi; ilhali yule ambaye mimba yake imetoka katika miezi ya awali, iwe kwa kudra au kwa kutolewa, yai lake laweza kupevuka baada ya siku nane au kumi tu, na walio wengi hufikia hapo kabla mwezi haujakwisha, yaani kabla hawajaiona ile hedhi ya kwanza ambayo wangeitazamia iwape habari.

Kwa sababu hiyo matabibu wameacha kumwambia mgonjwa wa namna hii aende nyumbani apumzike kwanza, kisha arejee baada ya wiki sita kuzungumza habari za uzazi wa mpango, maana wako ambao hurejea baada ya wiki sita wakiwa tayari wana mimba nyingine wasiyoitaka. Mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, uliokusanya serikali za dunia kujadili mambo ya watu na maendeleo, uliagiza ya kwamba mwanamke aliyetibiwa baada ya kutoa mimba apewe nasaha, elimu na huduma ya uzazi wa mpango bila ya kukawilishwa, na tangu hapo kusafisha kizazi peke yake hakuhesabiki tena kuwa ni tiba iliyokamilika.

Wanaohusika si haba. Uchunguzi uliofanywa Tanzania ulikadiria kwamba katika mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa, na wanawake kama 66,600 wakatibiwa katika hospitali na vituo vya afya kwa madhara yaliyowapata. Na kwa Kenya makadirio ya mwaka 2012 yalikaribia mimba 465,000, na waliotibiwa walikuwa karibu 120,000. Ni makadirio, maana jambo lenyewe hufanywa kwa siri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tuliyoirithi kutoka zama za Waingereza, inaweza kumfunga mtoaji mimba miaka 14 na mwanamke mwenyewe miaka 7, isipokuwa pale roho ya mama inapokuwa hatarini. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza vilevile, ila imeacha nafasi kwa maisha na afya ya mama kwa rai ya mtaalamu wa afya. Lakini kumtibu aliyekuja akivuja damu si kosa katika nchi zote mbili, wala si kazi ya muuguzi kumfanyia upelelezi, na aogopaye ajue hivyo kabla damu haijammaliza.

Sasa tutazame wodi yenyewe, maana humo vitanda viwili vilivyokaribiana huweza kuwa na misiba miwili isiyofanana hata kidogo. Huyu wa kwanza ni binti wa shule, au mama wa watoto watano aliyechoka, ambaye angetoa chochote alicho nacho asishike mimba tena mwaka huu. Na wa pili ni bibi harusi wa juzi aliyeilea mimba yake kwa dua, ikamtoka katika mwezi wa tatu, naye hana analolitaka ulimwenguni isipokuwa kuipata nyingine. Muuguzi ambaye amezoea kuingia na kikapu cha vidonge na sindano akahutubia wodi nzima kwa sauti moja, huyo wa pili humwongezea jeraha juu ya jeraha. Swali lifaalo kutangulia ni jepesi, na anayeuliza huvuta kiti akaketi kwanza: "Pole, dada. Je, ungependa kuzaa tena, na kama ungependa, lini?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mazungumzo yaende wapi.

Na kwa huyo atakaye kuzaa tena, maneno ya wataalamu wenyewe yamebadilika, nami sioni haya kulisema. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliwakusanya mabingwa, nao wakashauri ya kuwa baada ya mimba kuharibika mwanamke angoje japo miezi 6, wakitegemea zaidi uchunguzi uliotoka Amerika ya Kilatini. Lakini mwaka 2010 ukachapishwa uchunguzi wa Scotland, uliowatazama wanawake zaidi ya 30,000, ukaonyesha kwamba walioshika mimba kabla ya miezi 6 hawakudhurika zaidi ya waliongoja, bali mimba zilizowaharibikia tena zilikuwa chache. Scotland si Sumbawanga, na mwanamke mwenye upungufu wa damu anayelima kwa mkono ana sababu ya kungoja ambayo yule wa Scotland hana. Basi apewe ushauri kwa kadiri ya damu yake na nguvu zake.

Ama yule asiyetaka, njia zilizo wazi kwake ni nyingi kuliko anavyodhani. Vidonge aweza kuvianza siku ile ile, na sindano ya miezi mitatu akachomwa kabla hajavaa viatu vyake. Vijiti, kimoja cha miaka 3 au viwili vya miaka 5, kila kimoja kiasi cha njiti ya kibiriti, hutiwa chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa dakika chache. Na kitanzi cha shaba, kidumucho miaka 10 na zaidi, huweza kuwekwa mara tu kizazi kinapokwisha kusafishwa, madhali hakuna usaha wala homa ya maambukizo, kwani hapo ni lazima kisubiri mpaka apone. Aliyetibiwa kwa vidonge badala ya mrija wa kuvuta, kitanzi chake hungoja ihakikishwe kwamba kizazi kimebaki kitupu. Kuhesabu siku hakumfai mpaka hedhi zirudie utaratibu wake, na kufunga uzazi, kwa kuwa hakurudi nyuma, si uamuzi wa kutiwa sahihi mtu akiwa bado na maumivu. Mipira ya kondomu ndiyo pekee inayozuia na maradhi pia.

Lakini mwanamke hachagui njia kwa kusoma orodha. Huchagua kwa kufikiri atakapolala usiku. Vidonge vitaonekana chini ya godoro. Sindano haiachi alama. Kijiti mama mkwe aweza kukipapasa akimsaidia kusuka nywele. Na kadi ya kliniki wengine huomba ibaki kwa muuguzi. Ipo pia habari ya damu isiyo na wakati, ambayo sindano na vijiti aghalabu huileta katika miezi ya kwanza: kwa Mwislamu si jambo la nguo tu, bali humtatiza katika sala, katika saumu na katika unyumba, akabaki akijiuliza kama hii ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ambayo haizuii sala; na muuguzi asiyemtahadharisha mapema asishangae akimwona amerudi baada ya wiki tatu akidai kijiti kitolewe. Vilevile binti anayetumaini kuolewa na kuzaa mwakani aambiwe kwamba sindano, hata akiiacha, huweza kumchelewesha miezi kadhaa, pengine karibu mwaka, ilhali kijiti kikitolewa uzazi hurejea upesi.

Uvumi nao haukosi: kitanzi hupanda hadi moyoni, vijiti huzama na kupotea mwilini, vidonge hukaukia tumboni. Wako pia wasemao kwamba kuzuia mimba kwenyewe ni bidaa, na hao ningewakumbusha kwamba azli, yaani kumwaga manii nje, ilijulikana zama za Mtume na Imamu Ghazali akaijadili na kuijuzisha, na kwamba makungwi wetu, walipowaonya wanawali wasije wakambemenda mtoto, walikuwa wakiwafundisha kupisha miaka baina ya uzazi na uzazi.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, hakimo vichwani mwa wanawake. Kimo katika mpango wa majengo na saa za kazi: mgonjwa husafishwa kizazi katika wodi ya wanawake usiku, na vijiti vimefungiwa kabatini katika kliniki ya mama na mtoto, ng'ambo ya ua, ambayo hufunguliwa asubuhi na ufunguo wake uko kwa mtu mmoja. Palipowekwa vifaa hivyo katika chumba kile kile cha matibabu, na mtoa tiba yule yule akafundishwa kuvitia, wengi waliotaka njia waliondoka nayo.

Hapo ndipo hofu nyingine inapoingia, nayo ni ya haki. Mtu aliyelala chali, ana maumivu, ana haya na anaogopa polisi, hukubali lolote aambiwalo ili aachiwe aende; kwa hiyo ridhaa yake itafutwe akiwa amevaa nguo zake na kuketi, mbali na masikio ya aliyemleta, wala kibali cha mume kisifanywe sharti. Akikataa, atibiwe kwa heshima ile ile, aelezwe habari ya zile siku nane au kumi, na aonyeshwe mlango wa kurudia. Na akikubali kijiti, aambiwe siku hiyo hiyo ni nani katika wilaya yake ajuaye kukitoa, kwani waliofundishwa kutia ni wengi kuliko wenye mkono wa kutoa, na mwanamke aliyebadilisha nia asihangaishwe vituo vitatu kumtafuta.