Mipango Inapovunjika: Tunajifunza Nini kwa Mtakatifu Inyasi?



Mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, kuna barua ambayo kila mmoja wetu huiogopa. Mwenzetu mmoja alipata ya kwake: akae nyumbani mwaka mmoja kwanza. Tulipokuwa tunamsaidia kufunga begi, tukamwambia, "Mungu ana makusudi yake." Hakujibu. Tulikuwa tumesema kweli, lakini tulikuwa tumeisema upesi mno. Parokiani nako ni vivyo hivyo: uchumba unavunjika michango ikiwa imekwisha kukusanywa, ada inakosekana, ajira haipatikani. Je, tunamaanisha nini tunaposema Mungu ana makusudi?

Katika falsafa tunafundishwa kutofautisha lengo na njia. Lengo ni kile tunachokitafuta. Njia ni kile kinachotufikisha huko. Mara nyingi tunachokiita mpango wetu ni njia tu, ila tumeipenda mno hata tukaigeuza kuwa lengo. Inapofungwa, tunadhani kila kitu kimekwisha.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliyajua hayo. Mwaka 1521, huko Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu, na ndoto zake za kupata sifa vitani zikavunjika pia. Akiwa kitandani alisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, akaongoka. Akapanga upya: angeishi Yerusalemu daima, akisaidia roho za watu. Alifika huko mwaka 1523, lakini mkuu wa Wafransisko akamwamuru aondoke kwa sababu ya hatari iliyokuwapo. Alitii.

Alijiuliza afanye nini sasa, akaamua kusoma. Akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, aliketi na watoto huko Barcelona kujifunza Kilatini. Baadaye, jijini Paris, yeye na wenzake sita waliweka nadhiri mwaka 1534 ya kwenda Yerusalemu. Wakishindwa, wangejitoa kwa Baba Mtakatifu awatume popote. Mwaka 1537 waliisubiri meli Venice, lakini kwa sababu ya vita haikupatikana. Basi wakaenda kwa Papa Paulo III, naye mwaka 1540 akaidhinisha Shirika la Yesu. Mmoja wao, Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa. Inyasi mwenyewe alifia Roma mwaka 1556, bila kuiona Yerusalemu tena.

Tuone basi: njia ya Yerusalemu ilifungwa mara mbili, lakini lengo la kusaidia roho halikufungwa hata siku moja.

Hapa tuwe waangalifu. Watu husema, "Binadamu hupanga, Mungu hupangua," kana kwamba Mungu anafurahia kubomoa. Kanisa halifundishi hivyo. Mungu hatendi uovu. Anauruhusu, na anaweza kutoa jema hata humo. Vita vilivyoizuia meli ile vilikuwa kazi ya wanadamu. Pia kutumaini si kukaa tu. Inyasi alipanga, akasafiri, akasubiri, na mapema kabisa aliweka nafasi ya Mungu kusema vingine. Tena makusudi hayo hayakuonekana siku ile ile: tangu afukuzwe Yerusalemu hadi shirika kuidhinishwa ilipita miaka 17.

Kwa hiyo mpango wetu unapovunjika, tusikimbilie kuuliza, "Kwa nini mimi?" wala tusilazimishe jibu. Tujiulize kwanza: nilikuwa natafuta nini hasa? Na leo, nikiwa hapa nilipo, ni hatua gani bado ninaweza kupiga kulielekea?

Mwenzetu bado yuko nyumbani. Anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kigangoni kwao. Tunapompigia simu siku hizi, hatuanzi na makusudi ya Mungu. Tunamuuliza ameamkaje, tunamsikiliza, kisha tunasali pamoja.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.