Ukoo wa Kuukeni: DNA ya Mitokondria ya Wamongolia na Ushahidi wa Jinai

DNA ya mitokondria ni uzi mfupi wa vinasaba wenye umbo la duara. Haukai ndani ya kiini cha seli pamoja na kromosomu, bali katika mitokondria, viungo vidogo vinavyoipatia seli nishati. Kwa binadamu uzi huo una jozi za besi 16,569 na jeni 37 tu. Ramani yake kamili ya kwanza ilichapishwa na watafiti wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1981, ikasahihishwa mwaka 1999, na hadi leo ndiyo kipimo cha kawaida cha maabara duniani. Anapopimwa mtu, haiandikwi DNA yake nzima. Huandikwa zile nafasi ambazo herufi yake, yaani besi, inatofautiana na ya ramani.

Mama huwarithisha DNA hii watoto wake wote, wa kiume kwa wa kike, lakini mabinti peke yao ndio wanaoipitisha kwa kizazi kinachofuata. Haichanganyiki na ya baba. Hubadilika hasa kwa sababu moja: herufi kukosewa inaponakiliwa, jambo linalotokea mara chache katika vizazi vingi. Kwa hiyo mtu hushiriki DNA hiyo na mama yake, bibi mzaa mama, ndugu wa tumbo moja, wajomba, na watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Kipande kimoja chenye besi zipatazo 1,100, kiitwacho eneo la udhibiti, hakibebi jeni na hukusanya mabadiliko haraka kuliko sehemu nyingine. Kwa miaka mingi wachunguzi wa jinai wamekitegemea hicho.

Mabadiliko yakirundikana katika ukoo wa kuukeni, watu wanaoyashiriki huwekwa katika kundi moja, nalo huitwa haplogrupu na kupewa herufi. Karibu koo zote za kuukeni zilizo nje ya Afrika hutoka katika matawi mawili, M na N, yaliyochipuka kutoka L3, haplogrupu ambayo watafiti wengi huiweka chimbuko lake Afrika Mashariki na ambayo bado imeenea huko. Kwa Wamongolia, tawi la M limezaa makundi ya D, C, G na Z. La N limezaa A, B na F. Kinachojitokeza zaidi katika sampuli nyingi ni D4, kundi lililotapakaa pia Korea, Japani na kaskazini mwa China. Makundi A, B, C na D yanapatikana vilevile kwa wenyeji wa asili wa Amerika. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 Mongolia ilivutia sana watafiti waliokuwa wakitafuta asili ya watu waliovuka kutoka Asia kwenda bara hilo.

Pamoja na makundi hayo ya Asia Mashariki, Wamongolia wana koo za Ulaya na Asia Magharibi, kama H, U, J na T. Ni chache, ila si za kupuuzwa. Kuwepo kwake hakuhitaji maelezo ya ajabu. Nyika ya Asia ni njia iliyo wazi kutoka Bahari Nyeusi hadi Manchuria, na wafugaji wa utamaduni wa Afanasievo, waliokuwa na asili ya magharibi, walifika milima ya Altai na Mongolia yenyewe takribani miaka 5,000 iliyopita. Katika bonde la Egyin Gol, kaskazini mwa Mongolia, wataalamu walipima mifupa ya makaburi ya watu wa Xiongnu ya miaka 2,000 hivi iliyopita na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Walikuta koo nyingi za kuukeni za Asia na chache za magharibi zikiwa zimelala katika kiwanja kimoja, tena wakaweza kuwatambua ndugu waliozikwa pamoja. Mchanganyiko huo, kwa hiyo, ulikuwapo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Genghis Khan.

Upande wa kuumeni una sura nyingine. Mwaka huohuo wa 2003 ilitangazwa kwamba takribani asilimia 8 ya wanaume katika eneo pana la Asia hubeba aina za kromosomu Y zinazofanana mno, na watafiti wakapendekeza kuwa zilienezwa na ukoo wa Genghis Khan. Hiyo ni dhana, haijathibitishwa kwa mabaki yake. Hata hivyo hakuna ukoo wa kuukeni uliotawala kwa kiasi hicho, kwa kuwa mwanamume mwenye mamlaka aliweza kuacha watoto wengi mno kuliko mwanamke yeyote.

Katika uchunguzi wa jinai, thamani ya DNA ya mitokondria inatokana na wingi wake. Seli ina nakala mbili za kila kromosomu isipokuwa zile za jinsia, lakini ina mamia au maelfu ya nakala za duara la mitokondria. Mfupa uliokaa ardhini miaka mingi, jino lililoungua, au unywele uliokatika bila shina, mara nyingi huwa umepoteza DNA ya kiini ilhali ya mitokondria bado inasomeka. Unywele ndio mfano wa kila siku: seli zake hufa na kukauka unapokua, na DNA ya kiini huharibika kwa kiasi kikubwa.

Maabara husoma kielelezo, husoma sampuli ya mshukiwa au ya ndugu wa kuukeni wa marehemu, kisha hulinganisha. Zikitofautiana katika nafasi mbili au zaidi, kwa kawaida aliyelinganishwa huondolewa. Tofauti ikiwa moja, jibu halijakamilika, maana mtu mmoja anaweza kubeba aina mbili za DNA hii kwa pamoja, hali iitwayo heteroplazimia, na nywele zake mbili zikasomeka tofauti. Mabaki ya Nikolai wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi, yalionyesha mchanganyiko wa C na T katika nafasi ya 16169, huku jamaa zake walio hai wakiwa na T peke yake. Shaka kama mabaki hayo ni yake ilipungua sana pale mwili wa ndugu yake Georgij ulipofukuliwa na kukutwa na mchanganyiko uleule.

Zikilingana, kazi ngumu ndipo inapoanza. Kulingana si kumtambua mtu. Mtaalamu makini husema tu kwamba mshukiwa hawezi kuondolewa, yeye wala ndugu zake wa kuukeni. Uzito wa kauli hiyo unategemea aina hiyo ni adimu kiasi gani katika jamii husika, na hilo hujulikana kwa kuhesabu katika hifadhidata. Aina ambayo haijaonekana hata mara moja kati ya watu 300 haiwezi kudaiwa kuwa haipo kwingineko. Kitakwimu, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango chake hakizidi takribani asilimia 1, yaani 3 kugawanya kwa 300. Kwa watu 3,000, kikomo hicho hushuka hadi asilimia 0.1. Hifadhidata ndogo humfanya hata mwenye aina adimu kabisa aonekane wa kawaida.

Ukubwa peke yake hautoshi. Mongolia ina watu zaidi ya milioni 3, lakini Wamongolia wa China, wengi wao wakiwa Mongolia ya Ndani, ni takribani milioni 6, na kuna Waburyat karibu na ziwa Baikal na Wakalmyk waliohamia eneo la Volga katika karne ya 17. Wote husemwa kuwa wa asili ya Kimongolia, ila wameishi na majirani tofauti kwa karne nyingi. Jedwali la viwango la Wakhalkha, Wamongolia wa Ulaanbaatar, haliwezi kutumika Kalmykia bila kukaguliwa, na jedwali la Wahan wa China halifai kumpimia Mmongolia kwa sababu tu wote wanaishi nchi moja. Kosa la namna hiyo linaweza kuuongezea ushahidi uzito usiostahili, na anayelipia ni mshtakiwa.

Usahihi wa usomaji nao una hatari zake. Herufi T katika nafasi ya 16189 ikigeuka C, jambo la kawaida katika haplogrupu B, hutokea mfululizo mrefu wa C ambao mashine huhesabu kwa shida, na herufi zinazofuata hufifia. Hifadhidata za awali ziliingiwa pia na makosa ya kunakili kwa mkono na ya kuchanganya sampuli. EMPOP, hifadhidata inayoendeshwa na chuo kikuu cha tiba cha Innsbruck, Austria, ilianzishwa kwa lengo la kukagua data kabla ya kuipokea: mfuatano ambao hauingii vizuri katika mti wa haplogrupu hurudishwa ukachunguzwe upya.

Kwa Wamongolia ugumu mwingine ni D4 yenyewe. Katika eneo la udhibiti, watu wengi wa kundi hilo hutofautiana kidogo mno, kila mmoja akiwa na T katika 16223 na C katika 16362, hata wasio na undugu wa karibu wakaonekana sawa. Mashine za kisasa sasa husoma duara zima la besi 16,569, na D4 hugawanyika kuwa vijitawi vingi vinavyotenganisha waliokuwa wakilingana. Lakini hata usomaji kamili hautenganishi ndugu wawili wa mama mmoja; hapo hutakiwa DNA ya kiini, kama imesalia, au ushahidi wa aina nyingine.