Je, Wajua? Sikio Linauma, Kesi Iko Shingoni

Je, wajua kwamba mtu mzima akilalamika sikio, daktari akachungulia na kukuta ngoma ya sikio inang'aa bila doa, hapo ndipo uchunguzi unapoanza? Sikio lina mishipa ya fahamu kutoka kila upande. Minne inatoka kichwani: mmoja wa uso na taya, mwingine wa misuli ya uso, wa tatu wa koo, na wa nne ni ule mrefu unaoshuka mpaka kifuani na tumboni. Ongeza miwili inayochomoza sehemu ya juu ya shingo. Gego lililooza, tonsesi, kiungo cha taya, shingo iliyokakamaa, vyote hivyo huupigia ubongo simu kwa namba moja, na ubongo hupokea ukidhani aliyepiga ni sikio.

Wapo watu ambao wakipitisha kijiti cha pamba sikioni hukohoa papo hapo. Hilo ni tawi la ule mshipa mrefu. Linaitwa kwa jina la Friedrich Arnold, Mjerumani wa karne ya 19 aliyekuwa bingwa wa kuchora maumbile ya ndani ya mwili. Koo halina neno. Limeguswa kwa mbali tu.

Je, wajua taya lako lilipo? Weka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa taratibu. Hicho kinachoteleza chini ya kidole ni kiungo cha taya, nacho kimepakana na sikio kiasi kwamba kinachovitenganisha ni ukuta mwembamba wa mfupa. Sasa panga vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uviingize wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa watu wengi vinaingia. Vikikwama viwili, au kiungo kikilia "ta!" na kukuchoma, taya limejitaja lenyewe. Mwaka 1934 daktari James Costen wa St. Louis, Marekani, aliwashitua wenzake kwa kuandika kwamba wagonjwa wengi wa masikio wanapaswa kuangaliwa taya. Maelezo yake ya jinsi jambo hilo linavyotokea yalikuja kukataliwa baadaye, lakini mahali alipoonyesha kidole palikuwa penyewe.

Ndani ya sikio kuna msuli mdogo sana wa kukaza ngoma ya sikio, na mshipa wa fahamu unaouamrisha ni uleule unaoamrisha misuli ya kutafuna. Mtu mwenye hofu hubana meno: kwenye foleni ya magari, mbele ya kompyuta, usingizini. Akishabana siku nzima, sikio linaziba, linavuma, linapigapiga kama lina mdudu. Naye akisikia hivyo anaogopa zaidi, anabana zaidi.

Taya lililopumzika lina meno yasiyogusana. Midomo imefungwa, ulimi umetulia, meno ya juu na ya chini yameachana. Jichunguze sasa hivi unaposoma. Kwa mwenye taya linalouma, ushauri wa kwanza ni wa bei rahisi: chakula laini kwa muda, kitambaa cha maji ya moto shavuni, bigijii kando, miayo mikubwa izuiwe kwa kiganja chini ya kidevu.

Amoksilini, dawa ya kuua bakteria, haimtibu mtu anayesaga meno. Nalisema hili kwa sababu duka la dawa la mtaani lina desturi ya kumkatia kila mwenye sikio linalouma dozi ya kapsuli kabla hata ya kumuuliza limeanza lini.

Na mafuta ya moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama? Kama ngoma ya sikio imetoboka, chochote unachomimina kinapita moja kwa moja hadi sikio la kati, na wewe kwa nje huwezi kujua kama imetoboka. Kijiti cha pamba nacho, alichokibuni Leo Gerstenzang huko Marekani mwaka 1923, siku hizi huuzwa kwenye boksi lenye onyo kwamba kisiingizwe ndani ya sikio. Kwa kawaida nta hutoka yenyewe, ikisukumwa nje taratibu na ngozi inayokua. Unyoya wa kuku, ufunguo na mfuniko wa kalamu havina hata boksi la kuandika onyo.

Je, wajua kuna kimfupa chembamba kinachoning'inia chini ya sikio, chenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi? Kikizidi urefu kinaweza kuchokoa koo na kuumiza sikio mtu akimeza au akigeuza shingo. Daktari Watt Eagle wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alilieleza tatizo hilo mwaka 1937. Wengi wenye kimfupa kirefu, hata hivyo, hawaumwi kitu.

Tushuke sasa shingoni. Twiga ana pingili 7 za shingo. Wewe pia 7. Yeye za kwake zimerefuka tu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Mwaka 2014 daktari wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akasema kichwa kikiinama nyuzi 60, kama anavyoinama mtu anayesoma simu mapajani, shingo hubeba mzigo wa kama kilo 27. Namba hiyo imezunguka dunia nzima, na waliomsoma wengi hawakuona kwamba ni hesabu ya kwenye kompyuta, si shingo za watu waliopimwa. Tafiti za baadaye zimeshindwa kukubaliana kama kuinamia simu kweli ndiko kunakoleta maumivu. Ninavyoona mimi, kosa kubwa ni kuganda: saa mbili bila kugeuza shingo, iwe umeinama au umenyooka kama askari wa gwaride.

Tena hapa kwetu shingo ina historia yake. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo, wanaojitwika kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Mzigo uliofika asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Wanasayansi walipigwa na butwaa, magazeti yakaandika kama muujiza. Mwaka 2010 watafiti wakawapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini na hawakuuona huo muujiza. Walichokuta kwa waliojitwika ni shingo zinazouma. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ukiacha ndoo yenyewe. Mama aliyeipandisha mlima tangu utotoni hahitaji simu ili shingo imuume.

Je, wajua picha ya MRI inaweza kumwongezea mgonjwa ugonjwa? Mwaka 2015 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya watu 1,211 wasioumwa shingo, wa miaka ya ishirini hadi ya sabini, waliopigwa MRI. Asilimia 87.6 walikutwa na diski, yaani vile vibao laini vya kati ya pingili, zilizofura. Hata vijana wa miaka ya ishirini, walio wengi walikuwa nazo. Sasa mchukue mtu aliyelalia shingo vibaya, umpige picha, umkabidhi karatasi iliyoandikwa "diski zimechomoza, pingili zimechakaa". Toka siku hiyo anageuka mwili mzima kama roboti, haokoti kitu chini, na misuli isiyotumika inazidi kukaza. Karatasi haikudanganya, ila haikumwambia kwamba jirani yake anayecheza mpira kila Jumapili anayo hiyohiyo.

Mwaka 2020 watu milioni 203 duniani walikadiriwa kuwa na maumivu ya shingo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, na kwa wengi hurudi tena siku nyingine. Kurudi huko hakumaanishi kwamba kitu kimevunjika.

Hata maumivu makali si lazima yamaanishe kuna jeraha. Sikia kisa cha msumari. Mwaka 1995 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, liliandika habari za fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15. Ulipenya buti ukatokeza juu. Alipofika hospitali kila ukiguswa alikuwa anapiga kelele, ikabidi apewe dawa kali za maumivu na za usingizi. Buti likavuliwa. Msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole vya mguu, haukugusa ngozi. Fundi yule hakuwa akiigiza, aliumwa kweli. Ubongo uliona msumari, ukapiga king'ora. Mwenye shingo na sikio vinavyomuuma kwa miezi naye anaumwa kweli, na kumwambia "ni mawazo yako tu" ni kumtukana.

Ukibinya mara kwa mara uvimbe mdogo ulio chini ya taya, utauma. Utauma kwa sababu unaubinya. Tezi za shingoni huvimba kidogo kwa mafua, kwa jino, kwa kipele cha kichwani, na watu wengi wazima wana mojawapo inayopapasika, laini, inayoteleza, isiyofika sentimita moja. Mtazame mwenye hofu mbele ya kioo cha bafuni: kidevu juu, tochi ya simu mkono mmoja, vidole viwili vinazungusha kulia, halafu kushoto, kulinganisha. Anaridhika. Baada ya dakika kumi amerudi, maana sasa panauma.

Mwaka 1889, miaka mingi kabla ya Google, Mwingereza Jerome K. Jerome alimchora mhusika wake katika riwaya ya Three Men in a Boat akienda maktaba ya British Museum kusoma kitabu cha magonjwa. Alitoka akiwa ameyagundua yote mwilini mwake, isipokuwa moja tu, la magoti ya wasichana wa kazi. Mfaransa Molière alikwenda mbali zaidi. Aliandika tamthilia ya kumcheka mtu mwenye hofu ya maradhi, akaicheza mwenyewe, na tarehe 17 Februari 1673, katika onyesho la nne, akazidiwa jukwaani. Alifariki saa chache baadaye. Yeye alikuwa anaumwa kifua kweli.

Je, wajua majibu mazuri ya vipimo hayatulizi moyo kama tunavyodhani? Watafiti wawili, Rolfe na Burton, walikusanya mwaka 2013 majaribio 14 ya wagonjwa ambao dalili zao hazikuashiria hatari. Waliopimwa hawakupungukiwa hofu kuliko ambao hawakupimwa. Hofu ya maradhi inakula uhakika kama chakula: ikishiba asubuhi, mchana ina njaa.

Kuna tiba, nayo ni ya mazungumzo yenye mpango. Uingereza, mwaka huohuo wa 2013, Peter Tyrer na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 444 wa hofu ya maradhi waliopatikana katika kliniki za kawaida za hospitali. Waliofundishwa kupambana na mawazo na tabia zao, kwa vikao vichache tu, walipata nafuu iliyoonekana hata baada ya miaka miwili. Tena baadhi ya waliotoa tiba hiyo walikuwa wauguzi, nao walifanya vizuri sana. Kwa nchi zetu zenye wanasaikolojia wa kuhesabika hilo si habari ndogo. Mbinu yenyewe haina uchawi: unapunguza kujipapasa hatua kwa hatua, unaacha kuwauliza ndugu "hebu shika hapa", unaipangia hofu saa yake jioni na kuikatalia saa nyingine, unarudia kazi ulizoziogopa, na shingo unaigeuza kila siku pande zote bila kuikwepesha.

Lakini yapo yasiyongoja tiba ya mazungumzo. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa, maumivu makali ya kichwa na macho yanayochukia mwanga: hospitali leo, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, hasa kwa mtoto. Uso uliopinda pamoja na malengelenge sikioni. Mgonjwa wa kisukari ambaye sikio linamkosesha usingizi usiku. Mikono inayolegea au kufa ganzi, au shingo inayouma baada ya ajali ya bodaboda. Maumivu ya shingo na taya yanayokuja ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika, kwani hapo moyo ndio unaotiliwa shaka. Na uvimbe shingoni, sauti ya mkwaruzo, shida ya kumeza au sikio la upande mmoja lisilo na sababu, vikipita wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kinyozi akimaliza kunyoa akakushika kichwa ainyonge shingo ili "aitoe sauti", mkatalie kwa heshima. Mshipa wa damu unaopanda ndani ya pingili unaweza kuchanika shingo ikinyongwa ghafla. Ni nadra, ila faida yake nayo ni ile sauti tu.

Siku ukienda kwa daktari, andika kikaratasi kabla: panapouma, palianza kuuma lini, kinachozidisha, kinachopunguza, meno yalikaguliwa lini. Halafu mwambie unachokiogopa kwa jina lake. "Dokta, naogopa ni kansa." Wengi hukificha, wakatoka na dawa ya maumivu bila shingo kushikwa wala koo kuchunguliwa. Akikwambia haoni dalili yake, muulize swali la pili kabla ya kunyanyuka kitini: nikiona nini ndipo nirudi, na baada ya muda gani?