Mnyauko wa Migomba: Kung'oa au Kukata?

Udongo wenye mboji hufifisha magonjwa mengi ya mizizi. Wapo wanaovuka hapo na kuamini kwamba shamba lenye rutuba haliugui, na mnyauko wa migomba unawaumbua. Bakteria wake, Xanthomonas, walioelezwa kitaalamu Ethiopia mwaka 1968, wakabainika Uganda 2001 na kufika Kagera miaka michache baadaye, husafirishwa zaidi na wadudu wanaotua kwenye ua dume, miche iliyoambukizwa na panga. Ukikata mgomba mgonjwa utaona ute wa manjano ukichuruzika. Panga lenye ute huo likigusa mgomba wa pili, nao umekwisha. Kibanja chenye samadi tele huangamia sawa na kilichochoka, na dawa ya kupulizia hakuna.

Ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa shina zima, mama na machipukizi yake, mpaka tunguu. Ni kazi ya suluba, tena inauacha udongo wazi kwa mvua na kaya bila chakula. Si ajabu wakulima wengi waliikwepa. Baadaye watafiti waligundua kwamba bakteria hawayafikii machipukizi yote ya shina moja, na mengi huzaa mikungu salama. Kwa hiyo hukatwa mgomba wenye dalili tu, usawa wa ardhi, na shamba hukaguliwa kila wiki. Ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokeza, na panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hiki ndicho kilimo rejeshi hasa, yaani kilimo kinachoulinda udongo na kuurudishia uhai: mizizi hubaki ikishika udongo.

Mpinzani atasema tunafuga ugonjwa. Hoja yake ina uzito pale mkulima anapokata leo na kurudi baada ya miezi mitatu; huyo bora angeng'oa. Lakini ukataji ukifanywa mfululizo, maambukizi hushuka mwezi hadi mwezi, maana chanzo cha ute kinaondolewa kabla wadudu hawajakifikia. Matandazo yanayofunika udongo wa kibanja nayo yasisingiziwe kueneza ugonjwa: bakteria hawa hawadumu sana udongoni pasipo mgomba hai, mradi migomba iliyokatwa irundikwe kando ioze. Shamba lililokwisha kushambuliwa karibu lote ni suala jingine. Hilo ling'olewe, lipandwe maharage au mahindi kwa miezi sita au zaidi, kisha irudishwe miche safi.