Negativu za Isiolo na Skana ya Kuzifaa (Sehemu ya Pili)

Makala iliyopita ilieleza namna ya kupanga negativu na slaidi zilizokaa miaka mingi sandukuni. Leo ni zamu ya skana, chombo kinachozigeuza filamu hizo kuwa picha za kompyuta. Mnunuzi akiingia dukani na swali la bei, atatoka na chombo kisichomfaa. Kwanza aziinue filamu zake penye mwanga, atazame upana wake, na kama ni za rangi au nyeusi na nyeupe.

Kaskazini mwa Kenya kumepigwa picha nyingi. Simba Elsa alilelewa papa hapa Isiolo kuanzia mwaka 1956, nyumbani kwa George Adamson, afisa wa wanyamapori, na picha zake zikasambaa duniani kupitia kitabu cha Joy Adamson, Born Free, cha mwaka 1960. Wilfred Thesiger, aliyeishi miaka mingi Maralal, alipiga picha kwa kamera ya Leica, ya filamu ya milimita 35. Alipofariki mwaka 2003 aliacha negativu zipatazo 38,000, ambazo leo ziko katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Hizo zina wataalamu wa kuzitunza. Negativu za harusi, za wanafunzi na za wazee wenye ngamia wao, zilizobaki majumbani Isiolo, hazina mtunzaji ila jamaa aliyezirithi.

Filamu ya milimita 35 hutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Wapiga picha wengi wa studio, hasa wenye kamera za Yashica za lenzi mbili, walitumia filamu pana iitwayo 120, ambayo picha yake ni ya mraba wa karibu sentimita 6. Skana ya Plustek OpticFilm 8200i, kwa mfano, haipokei filamu hiyo pana. Ni ya milimita 35 tu. Mwenye filamu za 120 anahitaji skana bapa ya kioo yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson V600 au V850.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zisimtishe mtu. V600 hutangazwa kuwa na nukta 6,400 kwa inchi, lakini ikipimwa huonyesha undani wa takriban 1,500 hivi. Kwa picha ya milimita 35, hiyo ni sawa na pikseli milioni 3: inatosha kutumiana kwa simu, haitoshi kusoma kibao cha duka kilichoko nyuma ya bwana harusi. Kwa filamu ya 120, nukta hizohizo 1,500 hutoa karibu pikseli milioni 11, nayo ni picha ya kutundika ukutani. Ndiyo maana skana moja humfaa mwenye studio na kumwangusha mwenye Leica.

Halafu kuna vumbi, na Isiolo hakuna asiyelijua. Baadhi ya skana huwa na miale ya infraredi: miale hiyo hupenya rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi na mikwaruzo, hivyo programu hujua mahali pa kufuta. Ni msaada mkubwa kwa filamu za rangi. Filamu nyeusi na nyeupe, hata hivyo, imeundwa kwa chembe za fedha, nazo huzuia miale vilevile. Hapo teknolojia hiyo haifai kitu. Filamu ya Kodachrome nayo huisumbua. Aliyerithi negativu nyeusi na nyeupe za miaka ya 1960 asilipie infraredi. Kama ni za milimita 35, Plustek OpticFilm 8100, isiyo nayo, inamtosha, pamoja na pampu ya mpira ya kupuliza vumbi na glavu safi.

Skana za Nikon Coolscan zilikuwa bora sana, lakini hazitengenezwi tena, na ikiharibika moja, kupata vipuri ni kazi. Skana za visanduku vidogo vya bei nafuu hufaa kuchagua picha tu, si kuzihifadhi.

Muda nao uhesabiwe. Filamu 10 za picha 36, kwa dakika 3 kila picha, ni saa 18 za kukaa mezani. Ukoo ukichanga fedha, ununue skana moja nzuri na kupokezana zamu.

Na baada ya kazi hiyo, negativu zisichomwe wala kutupwa. Zirudishwe kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu na pasipo joto.