Viatu vya Mtoto Mwenye Mguu Kifundo: Kazi ya Fundi wa Mtaani au ya Karakana ya Hospitali?

Mjini Songea mafundi hawakosekani. Kuanzia Majengo hadi Lizaboni, yupo anayeshona viatu chini ya mwavuli, yupo anayechomelea mageti na fremu za baiskeli, na yupo anayekata makatambuga kutoka matairi chakavu. Si ajabu basi mzazi aliyekabidhiwa viatu vya tiba vya mtoto mwenye mguu kifundo akavigeuzageuza mkononi na kujiuliza: hivi si viatu viwili na kipande cha chuma tu? Vikibana, au mtoto akikua, kwa nini fundi wa jirani asitengeneze vingine?

Swali hilo halitokani na uzembe. Mkoa wa Ruvuma ni mpana. Anayetoka Tunduru au mwambao wa Ziwa Nyasa husafiri mwendo mrefu hata kabla ya kufika Songea, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Safari ya namna hiyo ina nauli, malazi na siku za shamba zinazopotea, hasa mvua zinapokuwa zimeanza na mahindi yanasubiri palizi. Kumjibu mzazi kwamba aende hospitali tu, bila kumweleza sababu, ni kumwachia nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ni kujua kilichomo ndani ya viatu hivyo ambacho jicho halikioni.

Unyayo uliogeukia ndani

Mguu kifundo ni hali ya kuzaliwa nayo. Unyayo huwa umepinda kuelekea ndani na chini, kisigino kimevutwa juu, na mtoto akiachwa bila tiba hatimaye hukanyaga kwa ubavu au hata kwa mgongo wa mguu. Duniani hutokea kwa takribani mtoto 1 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Wavulana huipata mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa nayo miguu yote miwili. Haisababishwi na kosa la mama, wala na kitu alichokitazama au kukila akiwa mjamzito. Tena haitoweki yenyewe mtoto anapokua, na kumkanda kwa mafuta hakuinyooshi.

Tiba inayotumika sasa sehemu kubwa ya dunia ni ile ya Dkt. Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca nchini Hispania, akahamia Marekani na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa hadi uzeeni. Ponseti alikuwa mtoto wa fundi saa, na utotoni alimsaidia baba yake katika karakana. Tiba yake nayo ina tabia ya kazi ya saa: haitumii nguvu nyingi, bali upole, mpangilio na vipimo. Kila wiki mtaalamu huunyoosha unyayo kidogo kidogo kwa mikono, kisha huushikilia kwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo. Baada ya plasta tano au sita hivi, unyayo huwa umerudi mahali pake. Watoto walio wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino, kwa ganzi, kisha hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu.

Plasta hiyo inapofunguliwa, familia hufurahi. Unyayo umenyooka, na kwa macho kazi imekwisha. Kwa kweli ndipo inapoanza sehemu ndefu kuliko zote.

Kwa nini viatu vinahitajika

Misuli na kano zilizoupinda unyayo tumboni mwa mama hazibadiliki tabia kwa wiki sita za plasta. Katika miaka ya mwanzo mguu hukua haraka, na kila unapokua, nyuzi hizo huuvuta tena kule ulikotoka. Viatu vya tiba huzuia mvuto huo. Kwa miezi mitatu ya kwanza mtoto huvivaa saa 23 kwa siku, akivuliwa kwa kuoga na kusafishwa tu. Baada ya hapo huvivaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, jumla ya saa 14 hadi 16, mpaka atimize takribani miaka minne.

Wataalamu wa tiba hii wanakubaliana kwamba sababu kuu ya unyayo kupinda tena ni viatu kuachwa mapema au kuvaliwa kwa kukatiza. Mwongozo wa tiba ya Ponseti unaeleza kuwa kati ya watoto ambao familia zao hushika ratiba, wanaorudiwa na hali hiyo ni takribani 6 katika 100. Kati ya wale wanaoacha, ni zaidi ya 80 katika 100. Mtoto aliyerudiwa huanza upya na plasta, na wengine huishia katika upasuaji ambao ungeweza kuepukwa.

Hapo ndipo suala la fundi linapopata uzito. Viatu vinavyomuumiza mtoto vitavuliwa usiku wa manane, kwani hakuna mama awezaye kusikiliza kilio hadi alfajiri kila siku. Na viatu visivyomuumiza lakini vikashikilia unyayo katika mkao usiofaa vitavaliwa kwa uaminifu bila kutibu chochote.

Vipimo vinne

Tofauti kati ya viatu vya tiba na viatu vinavyofanana navyo ni vipimo vinne.

Cha kwanza ni pembe ya kutazama nje. Mguu uliotibiwa hufungwa katika chuma ukiwa umegeuzwa kuelekea nje kwa nyuzi 60 hadi 70. Kama mguu mmoja ni mzima, huo hugeuzwa nyuzi 30 hadi 40. Hapa ndipo fundi asiyeelezwa hukosea kwa nia njema. Akiviona viatu vinatazama pembeni hudhani vimekaa upande, naye huvifunga vikitazama mbele kama viatu vya kawaida. Vinapendeza, lakini tiba imeondoka.

Cha pili ni upana. Nafasi kati ya kisigino na kisigino inapaswa kulingana na upana wa mabega ya mtoto. Chuma kikiwa kifupi, miguu hubanana na mtoto husumbuka. Kwa kuwa mabega hukua, kipimo cha mwaka jana hakifai mwaka huu.

Cha tatu ni mpindo mdogo wa chuma. Katikati hukunjwa kidogo, tumbo la mpindo likielekea mbali na mtoto, ili vidole vielekee juu na kano ya kisigino ibaki imenyooka. Mtu akiupiga nyundo chuma kiwe sawasawa, akidhani kimepinda kwa kukanyagwa, ameondoa sehemu ya tiba.

Cha nne ni kisigino kukaa chini ndani ya kiatu. Kiatu kikubwa cha kuvalia mwaka mzima, ambacho ni busara kwa mtoto mwingine, ni hatari kwa huyu. Unyayo ukiteleza, kisigino hupanda, ngozi husuguliwa na malengelenge hutokea.

Kuna pia chuma chenyewe. Wapo wanaofikiri kukiondoa na kumvika mtoto kiatu kigumu cha mguu mmoja. Hakitoshi, kwa sababu bila kuunganishwa na mguu wa pili, mguu wote huzunguka kwa uhuru na pembe ya nje haishikiki.

Somo kutoka Kampala

Je, maana yake ni kwamba viatu hivi lazima vitoke ng'ambo? La. Jibu lilipatikana Afrika Mashariki yenyewe. Katika kituo cha Katalemwa Cheshire Home, Kampala, mtaalamu Michiel Steenbeek alibuni viatu vya tiba vinavyotengenezwa kwa ngozi, mbao na chuma, kwa zana zinazopatikana katika karakana ya kawaida ya kushona viatu na kuchomelea. Vilikuwa na gharama ndogo, vikasambaa katika nchi nyingi, na vinaendelea kutumika. Nyayo zimeachwa wazi mbele, na nyuma kuna tundu dogo la kuchungulia kama kisigino kimekaa chini.

Mfano huo unabadilisha swali la mwanzo. Mafundi wa Kampala walitumia ngozi, gundi na mashine za kuchomelea zilezile zinazoonekana Songea. Kilichowatofautisha ni kwamba walifundishwa pembe, walipewa vielelezo vya ukubwa mbalimbali, na kila jozi ilivalishwa mtoto mbele ya aliyemtibu. Nchini Tanzania, wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi wamekuwa wakifunzwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilicho KCMC, tangu mwaka 1981. Mtu wa taaluma hiyo ndiye wa kuulizwa kwanza, na pale ambapo hayupo, mzazi aanzie kwa aliyemfunga mtoto plasta.

Kugawana kazi

Kwa msingi huo, kazi inaweza kugawanywa bila kumdharau yeyote. Fundi viatu wa mtaani anaweza kubadilisha mkanda uliokatika, bakoli iliyolegea, kamba, au bitana ya ndani iliyochakaa, mradi bitana mpya isiwe nene kiasi cha kukisukuma kisigino juu. Anaweza kulainisha ukingo wa ngozi unaochoma. Matengenezo hayo hayagusi kipimo hata kimoja kati ya vinne, na kuyafanyia Songea asubuhi moja ni bora kuliko mtoto kukaa wiki mbili bila viatu akisubiri safari.

Kinachopaswa kubaki kwa mtaalamu ni ukubwa wa kiatu, pembe, urefu wa chuma na mpindo wake. Chuma kikivunjika mahali pa kiungo, mchomeleaji anaweza kukiunga, lakini joto la kuchomelea huweza kukivuta chuma upande na kuunguza ngozi. Kazi hiyo ifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu, viatu vikiwa vimeondolewa ikiwezekana, na vipimo vihakikiwe kabla mtoto hajavalishwa.

Mzazi naye anaweza kuwa mkaguzi kwa vitu vilivyomo nyumbani. Siku viatu vinapotolewa hospitalini, vikiwa vimepimwa na kuthibitishwa, vilazwe juu ya kipande cha boksi na kuchorwa kuvizunguka, pamoja na chuma chake. Mchoro huo uhifadhiwe na kadi ya kliniki. Kila mwezi viatu virudishwe juu yake: vikiachana na mstari, kitu kimelegea au kimepinda. Kipimapembe cha mkebe wa hisabati wa mwanafunzi kinatosha kuonyesha kama nyuzi 70 zimekuwa 40. Futi ya fundi cherehani itaonyesha kama mabega yamekizidi chuma. Na vidole vikianza kuning'inia nje ya ukingo wa mbele, wakati wa kubadilisha ukubwa umefika. Vipimo hivi vinaweza kusomwa kwa mtaalamu kwa simu, naye akaamua kama safari ni ya lazima sasa au inaweza kungoja tarehe ya kliniki.

Usiku wa kwanza na mingine mingi

Siku mbili au tatu za mwanzo mtoto hulia, kwa sababu miguu yake miwili imegeuka kitu kimoja. Akichezeshwa, miguu yote ikikunjwa na kukunjuliwa pamoja, hujifunza upesi. Soksi za pamba husaidia, zaidi katika baridi ya Juni na Julai mjini Songea. Wekundu kidogo wa ngozi ni jambo la kawaida na haufai kupakwa mafuta, kwani mafuta huilainisha ngozi na kuizidishia michubuko. Lengelenge au wekundu mkali nyuma ya kisigino una maana nyingine: kisigino kinateleza. Dawa yake ya kwanza ni kukaza mkanda wa katikati, wala si kuulegeza kama huruma inavyoshauri. Hali ikiendelea, mtoto apelekwe akaonwe.

Baba na mama wote wafundishwe kumvalisha, pamoja na bibi anayebaki na mtoto mchana. Familia nyingi huyumba siku mtoto anapoanza kutembea vizuri, pale jirani anaposema, "Mbona huyu kapona, mnamtesa bure?" Jibu la swali hilo lipo katika miaka minne, si katika hatua za kwanza.

Karakana humaliza kazi yake kwa muda mfupi. Baada ya hapo, kuanzia Mfaranyaki hadi kijiji cha mwisho kando ya Ruvuma, kila usiku kuna mtu anayeinama juu ya kitanda, anakisukuma kisigino kidogo hadi chini, anachungulia tundu, anakaza mkanda, anazima taa. Fundi wa mtaani anaweza kumshonea mtu huyo mkanda, na hospitali inaweza kumpimia pembe. Kuvalisha kwenyewe, usiku baada ya usiku kwa miaka hiyo minne, ni kwa mzazi.